Nyongo ya Mchuna Ng'ombe

Katika machinjio ya Runzewe kazi imegawanywa siku nyingi na haina ubishi. Shehe anachinja. Vijana wanashika kamba na miguu. Gelasius anachuna na kupasua. Mnyama akishatulia na damu ikishakwisha, watu wote husogea pembeni wampishe, kwa sababu kinachofuata ni kazi ambayo asiyeijua anaweza kuharibu nyama nzima kwa kidole kimoja.

Hatari yenyewe ni nyongo, kifuko cha kijani kilichojibanza chini ya ini, laini kama puto lililojazwa maji. Kikipasuka, uchungu wake hauchagui pa kwenda, na mteja aliyenunua kilo moja ya maini atarudi kabla ya saa saba na sufuria mkononi. Gelasius ana namna yake ya kukitoa. Anakibana shingoni kwa vidole viwili, anakata na kipande kidogo cha ini ili asiguse kifuko chenyewe, kisha anakirusha shimoni bila kukitazama. Wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa, ambao duara, yaani shimo lao, likitema hununua mbuzi kama watu wengine wanavyonunua soda, humtuma mtu mpaka Runzewe kumfuata Gelasius, na wachinjaji wa karibu huachwa wakinoa visu.

Ni mtu wa miaka hamsini na nne, mfupi, mwenye mabega mapana. Msumbwa wa Ushirombo kwa kuzaliwa, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na kwa maoni yake mwenyewe ni daktari aliyekosa shule tu. Hoja yake ni fupi: mtu aliyefungua matumbo kwa zaidi ya miaka thelathini hawezi kulazwa kitandani na kuelezwa habari za tumbo. Hoja hiyo nusura imuue.

Ilianza baada ya Pasaka, wiki ambayo mchuna ng'ombe hula mafuta kuliko anavyoyauza. Gelasius alipata kiungulia kisichosikia maziwa wala magadi, akaenda hospitali Ushirombo. Daktari alishuku vidonda vya tumbo, akampa dawa, na akamwagiza arudi kesho yake asubuhi bila kula kitu ili apigwe picha ya ultrasaundi. Dawa ilimaliza kiungulia. Picha nayo ilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta.

Mpiga picha alimpaka mafuta ya baridi chini ya mbavu za kulia, akabonyeza, akatazama kioo chake, akabonyeza tena. Kisha akamwambia alale ubavu wa kushoto. Kisha aketi. Kisha alale tena. Gelasius aliuliza kwa nini anageuzwa kama chapati. Aliambiwa kwamba jiwe likiwa ndani ya mfuko wa nyongo hubingirika mtu anapogeuka, na hiki hakibingiriki. Kimeota ukutani.

Daktari alimwelezea taratibu. Ni kinyama, cha ukubwa wa milimita saba, tuseme punje ya dengu. Vinyama vingi vya namna hiyo ni mafuta ya lehemu yaliyoganda kwenye ukuta wa mfuko wa nyongo. Haviumi, havina ubaya, na mwenye navyo huweza kuzeeka bila kujua kuwa anavyo. Vichache ni vya aina nyingine, na hivyo vikiachwa vikakua huweza kugeuka saratani. Picha peke yake haiwezi kusema kwa uhakika hiki ni cha kundi gani. Kinachotazamwa ni ukubwa na mwendo. Kikiwa kidogo sana huachwa. Kikiwa kama chake, mtu hurudi kupimwa baada ya miezi sita. Kikifika milimita kumi, mfuko wote wa nyongo hutolewa kwa upasuaji, kwa sababu hakuna kidonge wala unga wa mizizi unaokiyeyusha.

Katika maelezo yote hayo Gelasius alishika mambo mawili: kwamba havina ubaya, na kwamba mfuko hutolewa. La kwanza alikwenda nalo nyumbani. La pili aliliacha Ushirombo. Mkewe Apolonia alipouliza daktari amesema nini, alijibu kwamba ni gesi.

Angeweza kuishia hapo, lakini mkono wake ulikataa. Wiki ileile, badala ya kurusha nyongo shimoni, aliiweka juu ya ubao na kuipasua kwa ncha ya kisu. Akaimwaga, akaigeuza ndani nje kama mtu anayekagua soksi, akapapasa ukuta wake kwa kidole gumba. Kesho yake akafanya tena. Aliyemwona wa kwanza ni Boaz, mtu wa makamo aliyewahi kuchimba Rwamgasa na ambaye sasa kazi yake ni kushika miguu ya nyuma ya mnyama na kubeba nyama kupeleka bucha ya Gelasius.

"Kaka, unatafuta dhahabu humo?" Boaz aliuliza.

"Natafuta nyongo yenye kinyama."

"Ukiipata?"

"Nitajua mwenye nayo alikuwa na hali gani."

Boaz alitazama kichwa cha ng'ombe kilichokuwa pembeni, akasema hali ya mwenye nayo haikuwa nzuri sana. Ndipo Gelasius, akiwa hana mtu mwingine wa kumwambia, alipomweleza habari ya punje ya dengu, kwa masharti kwamba isifike nyumbani.

Utafiti ulichukua msimu mzima wa kiangazi. Gelasius aliona nyongo zenye mchanga. Aliona zenye mawe, na zenye wale minyoo bapa wa kwenye ini ambao kila mchuna ng'ombe anawafahamu. Siku moja akapata alichokuwa akikitafuta: nyongo ya fahali aliyenunuliwa mnadani, na ndani yake kinyama kimening'inia, kikubwa kama punje ya harage. Fahali huyohuyo, asubuhi ileile, alikuwa amempiga Boaz teke la paja lililomwacha akichechemea mpaka Jumapili. Kwa Gelasius ushahidi ulikuwa umekamilika. Mnyama mwenye kinyama kikubwa kuliko chake alikuwa na afya ya kutosha kumlaza mtu chini, na shahidi wa jambo hilo alikuwa hapo, anajikanda paja kwa maji ya moto. Boaz naye alikubali, akaongeza kwamba hata kule kwenye maduara mtu hagongi ukuta uliotulia. Miezi sita ilipotimia, Gelasius hakwenda Ushirombo. Alikwenda mnadani.

Mambo yalifichuka Jumapili ya kipaimara cha binti yao wa mwisho, Vumilia. Nyumbani kulifungwa turubai, ndugu wakatoka Ushirombo na Kahama, na paroko mwenyewe akaahidi kupita. Gelasius alichuna mbuzi wawili kwa mkono wake, na kwa kuwa tabia ilikuwa imeshamkaa, akazipasua nyongo zao palepale kwenye ubao, kando ya beseni la nyama. Alikuwa na haraka. Wageni walikuwa wanafika.

Pilau ilipakuliwa. Paroko alitia tonge la kwanza mdomoni, akalitafuna kwa muda mrefu kidogo, akasifu mapambo. Shangazi mmoja wa Kahama aliuliza kama siku hizi Runzewe wanapika kwa mwarobaini. Apolonia alionja, akaweka kijiko chini, akamfuata mumewe nyuma ya jiko, akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Baba Hosiana, nyama ni chungu."

"Ni viungo hivyo."

"Viungo nimetia mimi."

Gelasius alianza kueleza kuhusu mbuzi wa siku hizi na majani wanayokula, lakini Apolonia hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa akimtazama Boaz, mtu pekee uwanjani aliyekuwa akila ile pilau kwa utulivu, sahani ya pili. Alimwita, akamuuliza kama ameona uchungu wowote. Boaz, ambaye kwa miezi yote hiyo alidhani mke lazima awe ameshaambiwa, alijibu kwa adabu kubwa:

"Shemeji, mimi nimeuzoea. Ndizo nyongo zake za uchunguzi hizo, za kile kinyama chake."

Apolonia hakupiga kelele. Alirudi kwa wageni, akawagawia soda, akamsindikiza paroko mpaka kwenye gari, akahakikisha Vumilia amepata zawadi zake. Mgeni wa mwisho alipoondoka aliketi mbele ya mumewe.

"Una kitu tumboni tangu Pasaka, unaniambia gesi?"

"Hakiumi, Mama Hosiana."

"Sijauliza kama kinauma. Nimeuliza kwa nini Boaz anajua na mimi sijui."

Gelasius aliinuka, akaanza kufungua turubai. Jumatatu walikuwa Ushirombo, yeye akiwa hajala, Apolonia akiwa hasemi.

Punje ya dengu ilikuwa imekuwa karanga. Milimita kumi na mbili. Mpiga picha alipima mara tatu, akaita mwenzake naye akapima. Daktari hakuwa na maelezo marefu safari hii: kimekua, tena kwa haraka, na kimevuka kiwango. Akawaandikia waende hospitali ya rufaa wakaonane na daktari wa upasuaji.

Daktari huyo anaitwa Ghati, mama wa Kikurya wa kutoka Tarime, mrefu, asiyezunguka katika kusema. Alipoingia alimwamkia Gelasius shikamoo kama inavyompasa mtu wa umri wake, Gelasius akaitikia marahaba mwanangu, kisha akamuuliza daktari atafika saa ngapi. Apolonia alifunika uso kwa kanga. Dokta Ghati alisema daktari ameshafika na ameketi mbele yake, akavuta kiti karibu.

Kwa kuwa alikuwa amejiandaa, Gelasius alitoa hoja yake yote. Alieleza miaka yake ya kazi, mchanga, mawe, minyoo bapa, na mwisho akamleta yule fahali na teke lake. Hakuacha kitu. Dokta Ghati alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hao ng'ombe, mzee wangu, walikuwa na umri gani?"

"Miaka minne, mitano. Aliyezeeka sana, saba."

"Na walikufa kwa ugonjwa gani?"

Gelasius alimtazama mkewe, kisha akamtazama daktari. "Walichinjwa."

"Wote?"

"Wote."

"Basi hujawahi kumwona ng'ombe aliyepewa nafasi ya kuugua nyongo. Kinyama kinataka miaka ili kionyeshe tabia yake. Nyinyi ng'ombe mnampa mpaka asubuhi tu."

Apolonia ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka kwa muda, cheko la mtu aliyenyamaza tangu Jumapili. Gelasius alikuwa akipitisha akilini ng'ombe wote aliowahi kupasua, mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata mmoja aliyekufa kwa uzee. Hakumpata.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kushindwa kwa swali moja. Aliuliza mtu anaishije bila nyongo, maana Mungu hakuiweka pale kwa mapambo. Dokta Ghati alimjibu kwa swali jingine: amewahi kuchuna punda? Gelasius alikiri kwamba alichuna, msimu mmoja, mjini Shinyanga, wakati biashara ya ngozi zao ilipokuwapo. Basi nyongo ya punda iko wapi?

Hapo ilibidi asimulie jambo ambalo Apolonia hakuwahi kulisikia katika ndoa yao yote. Siku yake ya kwanza pale Shinyanga aliitafuta nyongo ya punda chini ya ini, juu ya ini, nyuma ya tumbo, asiione. Akaamini kwamba mwenzake wa meza ya pili ameiiba akamuuzie mganga. Walishikana mashati. Mzee mmoja wa pale ndiye aliyewaachanisha, akawaambia kwamba punda hana nyongo, hakuwahi kuwa nayo.

"Na unamwona anavyobeba maji kutwa nzima," alisema Dokta Ghati. Akaeleza kwamba majimaji ya nyongo hutengenezwa na ini. Kile kifuko ni tangi la kuyahifadhi tu. Tangi likiondolewa, ini linaendelea na kazi, majimaji yanashuka moja kwa moja kwenye utumbo. Watu wengine huharisha kidogo siku za mwanzo wakila mafuta mengi, kisha mwili huzoea.

"Upunda utamfaa," Apolonia alisema. "Tabia anayo tayari, bado kutolewa nyongo tu."

Likabaki swali la mwisho, na hili Gelasius aliliuliza kwa sauti ya mtu anayemhoji kijana aliyekuja kuomba kazi machinjioni. Ni nani hasa atakayeitoa, na je, amewahi kuipasua?

Dokta Ghati alisema ataitoa yeye mwenyewe, na ndiyo, amewahi, mara chache. Ikitokea, huosha kwa maji mpaka pasafike, na mgonjwa hupona. Lakini nyongo yenye kinyama kama chake hataki ipasuke hata kidogo, kwa sababu kama ndani kuna seli mbaya zisije zikamwagika tumboni. Kwa hiyo hutoboa matundu manne madogo, huingiza kamera kwenye moja na vyombo vyembamba kwenye mengine, hufunga shingo ya nyongo, hukata, kisha ikiwa bado tumboni huitia ndani ya mfuko maalumu, hufunga mdomo wa mfuko, ndipo huuvuta nje kupitia kitovuni.

"Mnaitia mfukoni kabla ya kuitoa?"

"Ndiyo."

Miaka yote hiyo alikuwa akijisifu kwa vidole viwili na kipande cha ini, na wazo la mfuko halikuwahi kumjia. Aliuliza mifuko hiyo inapatikana wapi. Aliambiwa si ya mbuzi. Akakubali kupasuliwa.

Upasuaji ulikwenda salama. Alipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi, jambo la kwanza aliloomba ni kuonyeshwa nyongo yake. Muuguzi alimwambia imeshapelekwa maabara ikakatwe na kutazamwa kwa hadubini, na majibu yatachukua wiki kadhaa. Gelasius alilalamika kwamba katika maisha yake hajawahi kukataliwa kukagua mzigo. Muuguzi alimpa uji.

Wiki za kungoja zilikuwa ngumu kuliko kisu. Alikatazwa kubeba vitu vizito na kula mafuta, kwa hiyo alikuwa mtu wa bucha asiyegusa paja wala nundu, ameketi kwenye stuli akiwaelekeza wengine namna ya kukata. Wateja walikuja kutazama makovu. Alikuwa akipandisha shati kwa kila aliyeomba, na wengi waliondoka na mashaka. Mtaa mzima ulijua anavyofungua ng'ombe, kutoka kidevuni mpaka mkiani. Vidoti vinne kama vya kuumwa na siafu havikumridhisha mtu.

"Kaka, hapo hata kisu cha kumenyea viazi hakipiti," Boaz alimwambia. "Una hakika wameitoa? Mimi naona wamekulaza, wamekuamsha, wamekwambia pole."

Gelasius alimjibu kwamba asiyejua kazi anyamaze. Lakini jioni, akiwa na Apolonia peke yake, alikuwa akijipapasa chini ya mbavu za kulia, na haikuwa kwa sababu ya maneno ya Boaz. Alikuwa akifikiria karanga. Kama ilikuwa tayari imegeuka, basi ile miezi aliyoipoteza akigeuza nyongo za ng'ombe ndiyo iliyoipa nafasi, na hakuna wa kumlaumu ila yeye na fahali mmoja.

Simu ilikuja akiwa bucha. Dokta Ghati alisalimia, akauliza habari ya makovu, kisha akasema. Kinyama kilikuwa cha lile kundi la pili, lile dogo, linaloweza kugeuka. Seli zake zilikuwa zimeanza kubadilika, lakini hazikuwa zimefika kuwa saratani, na kimetoka chote pamoja na mfuko wake. Hahitaji matibabu mengine.

"Kwa hiyo nimepona?"

"Umepona, mzee wangu. Ungeendelea kungoja majibu ya ng'ombe, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Gelasius alishukuru, akakata simu, akaiweka juu ya mizani. Mizani ikasoma uzito wake na hakuna aliyecheka. Kisha akatoka, akapita nyuma ya bucha, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Apolonia alimkuta hapo akiwa ameinamisha kichwa. Aligeuza ndoo ya pili, akaketi kando yake, na walikaa hivyo mpaka mteja alipoanza kugonga kaunta.

Habari zilizunguka Runzewe kama zinavyozunguka, na ndani ya mwezi Boaz alikosekana kazini siku moja. Alisema amekwenda msibani. Aliporudi hakuwa na huzuni ya msiba, alikuwa amenuna. Ilibidi visu vyote vinolewe ndipo aeleze kwamba alikwenda Ushirombo kujipima nyongo kwa hiari yake, na kwamba naye amekutwa na kinyama.

Gelasius aliweka kisu chini. "Kikubwa kiasi gani?"

"Milimita tatu."

"Wamesemaje?"

"Wamesema niende zangu. Eti kidogo, hakina neno, nisirudi. Hata tarehe hawakunipa, kaka. Wewe ulipewa mpaka barua ya kwenda rufaa."

Gelasius alimwambia kwamba hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote zinazotoka katika hospitali ile, na kwamba angekuwa yeye angewanunulia madaktari mbuzi. Boaz alisema bado anaona amedharauliwa. Nje, shehe alikuwa ameshafika na ng'ombe wa kwanza ameshafungwa kamba, anavuta. Gelasius aliokota kisu, akamwonyesha Boaz miguu ya nyuma, akamwambia aende akaishike vizuri, kwa sababu mtu wa milimita tatu hana ruhusa ya ugonjwa.